Navamsa si ramani ya anga nyingine

Wengi wanaofuata unajimu wa Kihindi, Jyotisha, wameambiwa kwamba ndoa husomwa kwenye Navamsa, ramani ya pili inayotokana na kugawa kila buruji mara tisa, peke yake, na ramani ya kuzaliwa, yaani picha ya anga mtu alipozaliwa, huwekwa kando. Mapokeo yenyewe hayafundishi hivyo.

Navamsa hutokana na anga ileile. Kila buruji ina digrii 30. Ukiigawa mafungu tisa, kila fungu hupata digrii 3 na dakika 20, na hupewa buruji yake. Chukua Zuhura, sayari ya mapenzi, ikiwa digrii 8 ndani ya Mashuke. Katika buruji hiyo huhesabiwa dhaifu kabisa, na wapo wanaoishia hapo, wakamtia binti wa watu hofu ya kukosa mume. Inasikitisha, kwa sababu fungu lenye digrii hiyo ya 8, la tatu, ni la Samaki, buruji ambamo Zuhura hutukuka! Mnajimu makini husoma zote mbili: ramani ya kuzaliwa, hasa nyumba ya saba, sehemu yake inayohusu ndoa, huonyesha ahadi, Navamsa hupima nguvu ya sayari inayoibeba.

Tena buruji inayochomoza katika Navamsa hubadilika takriban kila dakika 13, hivyo kusema “nilizaliwa alfajiri” hakutoshi.