Mchuzi wa soba si sosi ya soya tupu

Wengi wakipika soba, yaani tambi za Kijapani, nyumbani huzimwagia sosi ya soya, kisha hulalamika kwamba chakula cha Wajapani ni chumvi tu. Soba haina kosa. Mchuzi wake husimama juu ya dashi, supu nyepesi ya mwani na samaki. Sosi ya soya huja baadaye.

Loweka gramu 10 za kombu (mwani mnene, si ule wa Paje, Zanzibar) kwenye lita 1 ya maji kwa nusu saa, kisha bandika moto mdogo. Vipovu vikianza kupanda pembeni, utoe. Ukichemka sana huleta utelezi na uchungu. Maji yakichemka, epua, tia konzi mbili za katsuobushi, yaani samaki jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi na kuparwa mwembamba kama karatasi. Dakika 2, chuja. Jiko zima litanukia moshi.

Kwa vikombe 4 vya dashi, tia 1 cha sosi ya soya na 1 cha mirini. Mirini, yaani kinywaji kitamu cha mchele cha kupikia, ina kileo. Asiyekitumia aweke sukari kidogo. Chemsha, poza. Ladha ile inayoganda ulimini ndiyo mkemia wa Kijapani Kikunae Ikeda aliyoichunguza kwenye kombu mwaka 1908, akaiita umami.

Na soba baridi kwa kawaida huchovywa kwenye mchuzi, haimwagiwi.