Je, wajua kwa nini katika rufaa nyingi za alama za tasnifu hata tasnifu yenyewe haisomwi?

Kila mwaka matokeo ya mastaz, yaani shahada ya uzamili, yakitoka hapa Uganda, iwe Makerere, Kyambogo, Gulu au Mbarara, kuna wanafunzi wanaoumia kwelikweli. Mtu amehangaika na data vijijini, amelipa karo kwa shida, supavaiza, mwalimu anayemsimamia, kamwambia kazi iko vizuri, halafu alama inakuja ya chini kabisa. Basi anakaa anaandika barua ya rufaa kurasa tatu, anaeleza alivyojitahidi, alivyouguliwa na mzazi, na jinsi sura ya 4 ilivyo na uchambuzi mzuri. Baada ya wiki kadhaa jibu linarudi mistari miwili tu, rufaa yako haina misingi. Na tasnifu yake hakuna aliyeifungua tena.

Inauma, lakini ina sababu, na ukiielewa mapema unaweza kuandika rufaa ya maana badala ya kulia kwenye karatasi.

Kwanza angalia alama inatoka wapi. Tasnifu kwa kawaida inasomwa na watahini wawili au zaidi, mmoja wa ndani ya chuo na mwingine wa nje, kila mtu anaandika ripoti yake, halafu kuna viva pale unapojitetea, halafu bodi, na mwisho seneti, ambayo kwa sheria yetu ya vyuo vikuu ya mwaka 2001 ndiyo yenye mamlaka ya mambo ya taaluma katika vyuo vya umma. Sasa kamati ya rufaa inakaa na nani? Utakuta mwalimu wa kilimo, mwalimu wa sheria, mtu wa ofisi ya msajili. Wewe umeandika kuhusu maporomoko ya ardhi wilayani Bududa. Hao watasema nini kuhusu modeli yako ya udongo kumshinda mtu aliyeisomea miaka 20? Ndiyo maana maswali mawili yanatenganishwa: kazi hii ina thamani gani, hilo ni la watahini, na je, utaratibu ulifuatwa, hilo ndilo la kamati. Ukiandika barua yako yote kuhusu swali la kwanza umewapa kazi ambayo hawana ruhusa kuifanya.

Sio Uganda peke yake. Uingereza, ambako mfumo wetu wa vyuo na mahakama ulitoka, sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2004 inasema wazi kwamba chombo huru cha kupokea malalamiko ya wanafunzi hakigusi hukumu ya kitaaluma. Na mwaka 2000 Mahakama ya Rufaa ya London, kwenye kesi ya mwanafunzi aliyeshtaki Chuo Kikuu cha Lincolnshire na Humberside, ilisema mwanafunzi anaweza kushtaki chuo kikivunja kanuni zake chenyewe, ila jaji hatakaa kubishana kazi ilistahili alama ngapi.

Ujerumani walienda mbele kidogo, na mimi hili nalipenda sana. Aprili 1991 mahakama yao ya katiba iliamua kwamba jibu la mtihani linaloweza kutetewa, lenye hoja nzito za kitaaluma, haliwezi kuhesabiwa kosa eti kwa sababu tu mtahini ana maoni mengine. Pia mwanafunzi akileta pingamizi lenye maelezo, watahini wanapaswa kuifikiria upya alama waliyotoa. Vyuo vyetu vingefanya hivyo machozi mengi yangepungua, maana mwanafunzi angejibiwa hoja kwa hoja. Ila hata kule anayefikiria upya ni mtahini mwenyewe, jaji hashiki kalamu nyekundu.

Sasa utaratibu unavunjika wapi? Hapa ndipo pa kuchimba, na unachimba ukiwa na kanuni za chuo chako mkononi maana kila chuo kina zake. Je, watahini walifika idadi inayotakiwa au ilisomwa na mmoja tu? Kama mmoja alitoa alama ya juu na mwingine akaangusha kabisa, na kanuni za chuo chako zinasema aitwe wa tatu, je, aliitwa? Mtahini alikuwa na ugomvi au maslahi na wewe, na ofisi ilijua? Alama zilijumlishwa sawasawa, maana makosa ya kujumlisha yapo na hayo ndiyo mepesi kuliko yote kurekebisha. Ulishtakiwa kunakili bila kuitwa ujieleze? Kitu kimoja cha namna hiyo chenye ushahidi kina uzito kuliko kurasa tatu za uchungu.

Ushahidi mkubwa ni ripoti za watahini. Omba kwa maandishi. Wakikunyima na chuo ni cha umma, kuna sheria ya kupata habari ya mwaka 2005 inayompa raia wa Uganda haki ya kuomba nyaraka za taasisi za serikali, na ofisa anatakiwa kuamua ndani ya siku 21. Na kila barua unayopeleka hakikisha nakala yako imegongwa muhuri na tarehe, tafadhali usidharau hili.

Maana ukishindwa ndani ya chuo, mlango unaobaki ni Mahakama Kuu. Kifungu cha 42 cha katiba yetu kinasema mtu anayefika mbele ya ofisa au chombo cha utawala ana haki ya kutendewa kwa haki, na kesi maarufu iliyohusu halmashauri ya wilaya ya Kabale, iliyoripotiwa 2008, inataja misingi ambayo mahakama hutumia hadi leo kupima uamuzi wa chombo kama hicho: uvunjaji wa sheria, uamuzi usio na akili kabisa, na utaratibu mbovu. Ila muda wa kufungua kesi hiyo ni miezi 3 tangu sababu ya malalamiko ilipotokea, na tangu marekebisho ya mwaka 2019 ya kanuni za kesi hizo mahakama inataka kwanza uwe umemaliza njia zote za ndani. Unaona shida ilipo? Chuo kinaweza kukaa na rufaa yako miezi minne bila jibu na huku saa inahesabu. Jaji anaweza kuongeza muda kukiwa na sababu nzuri, na hapo ndipo zile barua zenye muhuri zinakuokoa, zinaonyesha nani alichelewesha.

Na ukishinda, usitarajie kutoka na alama mpya siku hiyohiyo. Kwa kawaida uamuzi wa zamani unafutwa na tasnifu inarudishwa isomwe upya, mara nyingi na watahini wengine, na hao hawajafungwa na alama ya kwanza, wanaweza kupandisha, kuacha palepale au hata kushusha. Kwa hiyo kabla ya kupeleka barua mpe mwalimu mwingine wa fani yako unayemwamini aisome tasnifu na zile ripoti pamoja, akuambie ukweli wake.