Mawese, mafuta ya mise na mafuta ya nazi: tunayoyaamini na yalivyo kweli

Mchikichi na mnazi ni wa jamii moja, ile ya mitende, na mafuta yake hukaa rafu moja dukani. Ndiyo maana wengi wetu huyahukumu kwa jina la mti, au kwa kuyatazama tu yalivyo ndani ya chupa. Macho hudanganya sana hapa, na gharama yake huonekana kwenye afya na kwenye ngozi.

"Mawese na mafuta ya mise ni yaleyale, maana yanatoka tunda moja."

Tunda ni moja, mafuta ni mawili. Mawese hukamuliwa kwenye nyama ya nje ya chikichi. Mise ni kile kiini kilichofungiwa ndani ya kokwa gumu, na hakipatikani mpaka kokwa lipasuliwe. Mafuta yote hujengwa na asidi za mafuta za aina mbalimbali. Katika mawese, karibu asilimia 44 ni asidi ya palmitiki na karibu asilimia 40 ni asidi ya oleiki, ambayo ndiyo inayotawala mafuta ya zeituni. Katika mafuta ya mise karibu nusu ni asidi ya lauriki, na oleiki ni kama asilimia 15 tu. Ukipima mafuta ya nazi, nayo utayakuta na lauriki karibu nusu. Kwa hiyo mafuta ya mise yanafanana zaidi na ya mnazi, mti mwingine kabisa, kuliko mawese yaliyolizunguka kokwa lake.

Mtengeneza sabuni asiyelijua hili anaweza kumuumiza mteja. Ili kilo moja ya mawese igeuke sabuni yote, inahitaji takriban gramu 140 za kostiki soda. Mafuta ya mise yanahitaji kama gramu 175, na ya nazi kama 180. Anayekichukua kipimo cha mafuta ya nazi akakitumia kwenye mawese ataacha takriban gramu 40 za kostiki zisizo na kazi kwa kila kilo ya mafuta, na hiyo itamchubua atakayeogea. Akikosea upande wa pili, sabuni itatoka laini na yenye mafuta yasiyogeuka. Povu nalo hutofautiana: lauriki hutoa povu jingi, hata kwenye maji ya chumvi, ilhali mawese hutoa kipande kigumu kinachodumu lakini chenye povu haba. Ndiyo sababu mafundi wazuri huyachanganya.

"Mafuta yakiganda, yana lehemu."

Hii nimeisikia hata kwa watu wenye elimu nzuri. Lehemu, au kolesteroli, ni kitu cha miili ya wanyama. Katika mafuta ya mimea ni kidogo mno hata hakihesabiki. Kinachopandisha lehemu kwenye damu yetu ni hasa asidi za mafuta zilizoshiba, yaani zile ambazo minyororo yake ya kaboni imejaa hidrojeni. Hapo mtu atasema: basi yanayoganda zaidi ndiyo yaliyoshiba zaidi. Hapana.

Tazama haya matatu. Mawese yameshiba karibu asilimia 50, mafuta ya mise zaidi ya asilimia 80, ya nazi karibu asilimia 90. Lakini mawese hayayeyuki yote mpaka joto lifike nyuzi 33 hadi 39 hivi, ilhali ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 25 au karibu na hapo. Sababu ni urefu wa mnyororo. Lauriki ina kaboni 12 na palmitiki ina 16, na mnyororo mfupi huachiana kwa joto dogo. Kwa hiyo mafuta ya nazi yanayotiririka kama maji kwenye joto la Dar es Salaam ndiyo yaliyoshiba kupita yote. Yapeleke Njombe mwezi Julai, yatakuwa jiwe, wala hakuna kilichobadilika ndani yake.

Hali kadhalika chupa ya mawese iliyojigawa, juu majimaji mekundu na chini mazito yenye chenga. Si dalili ya uchakachuaji. Sehemu laini huitwa oleini na sehemu nzito stearini, na viwanda huzitenganisha makusudi kwa kuyapoza mafuta.

"Mafuta ya nazi ni ya mmea, hayawezi kudhuru moyo."

Uchambuzi wa majaribio 16 uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Circulation ulionyesha kuwa mafuta ya nazi hupandisha lehemu mbaya kuliko mafuta ya mimea isiyo ya tropiki, kwa takriban miligramu 10 kwa kila desilita ya damu. Lehemu nzuri nayo hupanda kidogo, ila hilo halifuti la kwanza. Wapwani wamekula nazi karne nyingi, ni kweli, lakini walikula tui, pamoja na samaki na mboga. Kumeza vijiko vya mafuta matupu kila asubuhi kama dawa ni jambo jingine. Kwenye nywele na ngozi, tumia kwa raha zako.

"Mawese mekundu zaidi ndiyo bora, na yaliyosafishwa yana vitamini zilezile."

Wekundu halisi hutokana na karotini, kama miligramu 500 hadi 700 kwa kilo, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Kiwandani mafuta hupitishwa kwenye udongo maalumu, kisha huchemshwa kwa mvuke kwenye nyuzi zaidi ya 200, na karotini yote huishia hapo. Anayeyachoma mawese sufuriani mpaka yawe meupe anaiharibu vilevile. Wala rangi kali si ushahidi wa ubora: mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Ghana iliikuta rangi ya viwandani iitwayo Sudan IV ndani ya mawese ya masoko ya Accra, na rangi hiyo hairuhusiwi kwenye chakula kwa hofu ya saratani. Anayetaka karotini anunue mawese ghafi kwa mkamuaji anayemfahamu, na ayapike kwa moto wa wastani.