Tembo Lilikuwa na Maji Kabla ya Sifa

Juzi nimesikia tena. Bingwa kafungwa mechi tatu mfululizo, mchambuzi studioni akasema, "Hawa wameshiba." Mwenzake akamalizia na mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wakahamia mada nyingine. Nimelisikia hilo kwa miaka mingi na nimekuwa nikinyamaza. Safari hii naandika.

Kazi yangu ni kupanga vikosi. Nashinda na jedwali lenye jina la mchezaji, tarehe ya kuzaliwa, mshahara, mwisho wa mkataba na dakika alizocheza. Ukilitazama jedwali la timu iliyotoka kutwaa kila kitu, mara nyingi unakuta ilifika kileleni ikiwa imeshaanza kuteremka. Kombe linauficha mteremko huo, halafu linawafunga mikono wale ambao wangeweza kuuzuia.

Chukua Manchester United, maana kila mtu anadhani anaijua habari yake. Kocha Alex Ferguson alistaafu mwaka 2013 akiwa bingwa wa England kwa pointi 89. Msimu uliofuata akaja David Moyes, akafukuzwa Aprili kabla msimu haujaisha, na timu ikamaliza ya saba kwa pointi 64. Hukumu ikatoka: Moyes kaharibu. Sasa tazama mabao ya kufungwa. Msimu wa 2007/08 United iliruhusu mabao 22 kwenye ligi, na uliofuata 24. Msimu wa ubingwa wa 2012/13 iliruhusu 43. Na msimu wa Moyes? 43. Hata bao moja halikuongezeka! Ukuta ulikuwa unavuja Ferguson akiwa bado kwenye benchi, ila mbele alikuwepo Robin van Persie aliyefunga 26 ligini, na timu nzima ikafunga 86. Msimu uliofuata van Persie alifunga 12, timu 64, na ile ndoo iliyokuwa ikikinga maji ikaondolewa. Nyuma kulikuwa na Rio Ferdinand wa miaka 34, Patrice Evra wa 32 na Nemanja Vidić wa 31, na Ryan Giggs alikuwa bado anaitwa uwanjani akiwa na 39. Kufikia kiangazi cha 2014, wote wanne hawakuwa tena wachezaji wa United. Moyes alikosea mambo yake, simsafishi. Lakini nyumba aliikuta na nyufa.

Sasa nije kwenye mikataba. Hapa ndipo ninapokereka zaidi, kwa hiyo nivumilie.

Niliwahi kukaa kwenye kikao, wiki mbili baada ya sherehe za ubingwa. Mchezaji alikuwa beki wa kati, nahodha, umri 31, mkataba umebakiza mwaka mmoja. Wakala wake anataka minne. Niliweka mezani karatasi moja yenye idadi ya mbio kali za mchezaji huyo kwa kila dakika 90, msimu baada ya msimu. Mstari ulikuwa ukishuka taratibu kwa miaka miwili. Mwenyekiti aliitazama, akaigeuza kifudifudi, akasema mashabiki hawatatuelewa. Nahodha akapewa minne. Msimu wa pili wa mkataba huo alianza mechi tisa, na mshahara wake ndio uliotuzuia kumlipa kiungo wa miaka 22 ambaye tulikuwa tumeshakubaliana naye kila kitu kingine. Nani alishiba hapo? Yule nahodha alikuwa wa kwanza kufika mazoezini hadi siku yake ya mwisho. Nilimpenda, na bado nampenda.

Mkataba wa baada ya kombe hulipa kazi iliyokwisha kufanyika kwa fedha za kazi inayokuja. Siku ambayo bei ya mchezaji iko juu kuliko siku zote za maisha yake ndiyo siku ambayo hakuna kiongozi atakayethubutu kumuuza. Mwaka mmoja baadaye kiongozi anapata ujasiri, ila mnunuzi hayupo tena.

Barcelona ilishinda makombe matatu msimu wa 2014/15, likiwemo la Ligi ya Mabingwa Ulaya. Agosti 2020 ilifungwa 8-2 na Bayern mjini Lisbon, na sita kati ya walioanza siku hiyo walikuwa wameanza pia fainali ya Ulaya ya 2015: Marc-André ter Stegen, Gerard Piqué, Jordi Alba, Sergio Busquets, Lionel Messi na Luis Suárez. Piqué, Messi na Suárez wote walikuwa na miaka 33. Fedha hazikukosekana, maana mwaka 2017 Neymar peke yake aliingiza euro milioni 222 alipoondoka. Lakini fedha hizo zililiwa na ada kubwa za usajili, na mishahara ikazidi kupanda. Oktoba 2020, baada ya kile kipigo, Piqué akaongezewa mkataba hadi 2024. Kiangazi kilichofuata klabu haikuweza kumsajili tena Messi kwa sababu ya kikomo cha mishahara cha ligi. Nikisikia mtu anaeleza yote haya kwa neno "wameshiba", natamani nimkalishe mbele ya lile jedwali kwa saa moja tu.

Inter ya 2010 ni hadithi hiyohiyo, naipitia haraka. Fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Madrid, tarehe 22 Mei, Inter iliianza na wachezaji wawili tu wenye umri chini ya miaka 28, Wesley Sneijder na Goran Pandev. Javier Zanetti alikuwa na 36. Kocha José Mourinho akaondoka, Rafael Benítez akaja. Desemba wakaifunga TP Mazembe 3-0 katika fainali ya Kombe la Dunia la klabu, na siku chache baadaye Benítez naye hakuwepo. Nafasi ya sita msimu wa 2011/12, ya tisa msimu uliofuata. Ubingwa wa Italia haukurudi hadi 2021.

Zipo sababu nyingine ambazo hazihitaji maneno mengi. Wapinzani hukusoma. Mechi huongezeka na siku za kupumzika hupungua. Goti moja linaweza kukugharimu msimu: kiungo Rodri aliumia Septemba 2024, na Manchester City, iliyokuwa imetoka kuchukua ligi mara nne mfululizo, ikashuka kutoka pointi 91 hadi 71. Halafu kuna hesabu tupu: ukishafika juu kabisa, msimu unaofuata una njia nyingi za kuwa mbaya na chache za kuwa bora.

Utaniuliza, basi uza mapema? Nami nilikuwa nahubiri hivyo kwa sauti kubwa. Kisha nakumbuka Ferguson alivyomuuza beki Jaap Stam mwaka 2001, akiwa ametoka kuchukua ligi mara tatu mfululizo, na kumleta Laurent Blanc wa miaka 35. United iliruhusu mabao 45 ikamaliza ya tatu. Ferguson mwenyewe alikiri baadaye kwamba alikosea. Aliyekuwa shujaa wa kuvunja vikosi na kuvijenga upya, naye aliteleza kwenye jambo hilohilo. Kwa hiyo siku hizi nasema hivi: najua wakati ambao hupaswi kuongeza mkataba, wakati sahihi wa kuuza bado naukisia.

Kuna timu moja inayoninyima usingizi. Chelsea ilichukua ubingwa wa 2014/15 kwa pointi 87. Eden Hazard alikuwa na miaka 24, Diego Costa na Nemanja Matić 26 kila mmoja. John Terry alikuwa na 34, ndiyo, lakini beki mmoja haangushi timu kiasi kile. Desemba 2015 Mourinho, ambaye sasa alikuwa kocha wa Chelsea, alitimuliwa timu ikiwa pointi moja tu juu ya mstari wa kushuka daraja, na ikamaliza ya kumi na pointi 50. Msimu uliofuata, Hazard, Costa na Matić haohao wakiwa chini ya Antonio Conte, wakawa mabingwa kwa pointi 93.

Umri haulielezi hilo. Mikataba hailielezi. Nimezitazama mechi za vuli ile zaidi ya mara moja, na nakiri naona watu wanaochelewa kurudi kukaba kwa hatua mbili au tatu, watu ambao mwaka mmoja nyuma hawakuwa hivyo, na mwaka mmoja mbele hawakuwa hivyo. Jedwali langu lina safu ya sababu. Kwenye mstari wa Chelsea 2015/16, safu hiyo iko tupu.