Mkusanyo wa mmiliki mmoja: maana yake mnadani

Mkusanyiko ni wa watu uwanjani au wa maji shimoni: vimekutana hapo, basi. Mkusanyo una mkono wa mtu ndani yake. Yuko aliyechagua hiki, akakiacha kile, akakivizia kingine miaka na miaka. Tofauti hiyo ndogo ya neno ndiyo inayouzwa pale nyumba za mnada kama Sotheby's na Christie's zinapotangaza mnada wa "mkusanyo wa mmiliki mmoja".

Mnada wa kawaida wa sanaa hauko mbali sana na ule wa samaki pale soko la Feri, Dar es Salaam. Kila muuzaji kaleta chake, dalali ananadi, na mnunuzi hajali sana kapu limeshuka kutoka chombo gani. Kwenye mkusanyo wa mmiliki mmoja, katalogi nzima imetoka kwa mtu mmoja, kuanzia picha za ukutani hadi vikombe vya chai. Vitu hugawanywa mafungu, kila fungu na namba yake na makadirio mawili, ya chini na ya juu. Mara nyingi kuna pia bei ya siri, na zabuni isipoifikia, fungu halitoki. Nyundo ikigonga, mnunuzi huongeza ada ya nyumba ya mnada juu ya bei aliyotaja. Kinachowaleta wauzaji, kwa kawaida, ni kifo, talaka au deni.

Sasa jina la mmiliki. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Miongoni mwa vitu vyake kulikuwa na kitana kidogo cha fedha cha kuchania masharubu, kazi ya kampuni ya vito ya Tiffany. Septemba 2023, Sotheby's ya London ilikikadiria pauni 400 hadi 600. Kikaondoka kwa pauni 152,400, ada ikiwemo. Fedha ya kitana yenyewe haikuwa na thamani ya kukaribia hapo. Aliyelipa alilipia masharubu.

Lakini jina peke yake ni nusu ya habari, na kwangu mimi ni nusu nyepesi. Nusu nyingine inaonekana vizuri zaidi kwa Galina Vishnevskaya, mwimbaji wa opera wa sauti ya juu (soprano) katika jumba la Bolshoi la Moscow, na mumewe Mstislav Rostropovich, mpiga selo, ala kubwa ya nyuzi. Wawili hawa walimhifadhi mwandishi Solzhenitsyn kwenye nyumba yao ya shambani nje ya Moscow wakati dola ya Kisovieti ilipokuwa ikimwandama. Mwaka 1974 wakaondoka nchini. 1978 wakavuliwa uraia. Huko Ulaya Magharibi, fedha za maonyesho zilipoanza kuingia, wakawa wananunua Urusi kipande kwa kipande: picha za wachoraji wa Kirusi Repin na Roerich, vyombo vya kaure vya enzi za wafalme, na picha kubwa ya Boris Grigoriev ya nyuso za wakulima, mchoraji ambaye naye alikimbia nchi hiyo hiyo baada ya mapinduzi. Ukiitazama kaure ile peke yake, ni kaure tu, nzuri na ya bei. Ukijua ilikuwa kwenye kabati la watu waliokatazwa kurudi kwao, unaelewa kwa nini iliwekwa jirani na picha ile.

Rostropovich alifariki Aprili 2007. Miezi mitano baadaye mkusanyo ulikuwa Sotheby's, London, umegawanywa mafungu yapatayo 450, makadirio ya jumla pauni milioni 13 hadi 20. Hapo ndipo penye mgongano wa aina hii ya mnada: jina moja huwaita wanunuzi wote ukumbini, halafu kila nyundo inapogonga, kipande kimoja huenda zake, na kazi ya miaka 30 hutawanyika kwa siku mbili. Nyumba ya mnada huuza umoja wa vitu kwa njia ya kuuvunja.

Safari hii haukuvunjika. Mnada ulipangwa kuanza 18 Septemba. Jana yake ikatangazwa kwamba tajiri wa Urusi Alisher Usmanov ameununua mkusanyo wote nje ya mnada, na mnada ukafutwa. Kiasi halisi hakikutajwa. Sotheby's ilisema tu kwamba kimepita kwa mbali makadirio ya juu. Usmanov akautoa kwa taifa la Urusi, ukapelekwa Kasri la Konstantinovsky huko Strelna, karibu na Saint Petersburg, ambalo ni makazi rasmi ya rais.

Wafanyabiashara wa sanaa walipoteza kitu kimoja katika mpango huo: bei. Nyundo haikugonga, kwa hiyo hakuna fungu hata moja kati ya yale 450 lenye tarakimu ya mwisho, na anayetaka kujua wakulima wa Grigoriev wangefika pauni ngapi siku ile atabaki na makadirio ya katalogi.