Mama Mgaya hakuwa malkia, jamani

Imetokea tena. Nimesimama na wanafunzi karibu na Mnara wa Mwenge hapa Arusha, tunaongea Azimio la 1967, mwalimu wao akadakia: "Waambie pia Nyerere alizaliwa ikulu, mama yake alikuwa malkia."

Malkia! Nimezungusha wageni mji huu mpaka viatu vimeisha soli, na hili la malkia halijaisha.

Tuanze na miaka. Mgaya wa Nyang'ombe, mama yake Nyerere, anakadiriwa kuzaliwa 1892, akaolewa na Burito Nyerere 1907. Burito akasimikwa uchifu na Wajerumani 1915. Piga hesabu: miaka minane mama yule alilima, akapika na kulea kabla mumewe hajapewa cheo chochote na boma, yaani serikali ya mkoloni. (Hiyo 1892 huwa naitamka taratibu. Nani alikuwa akiandika vyeti vya kuzaliwa Uzanaki, kwao Wazanaki, kabila la Nyerere?)

Kinachonikera zaidi ni neno "chifu" lenyewe. Mtu wa Moshi akilisikia, kichwani anamwona mangi, mtawala wa Wachagga: Rindi, Sina, au Meli ambaye Wajerumani walimnyonga 1900. Mangi alikuwa na askari na vita vyake. Uzanaki si Uchagga. Wazanaki ni kabila dogo, na lenyewe liligawanyika chini ya machifu wanane. Kabla ya boma, neno zito lilikuwa la wazee wa rika na la waganga wa mvua. Mkoloni alitaka mtu mmoja wa kumdai kodi, basi.

Hata hivyo najua nami huwa nazidisha. Nikiwa na hasira nasema uchifu wa Burito ulikuwa wa karatasi tu, halafu nakumbuka alikuwa na wake 22. Fukara haoi wake 22. Heshima alikuwa nayo. Kiasi gani ilitoka ukoo na kiasi gani ilitoka boma, sijawahi kupata mizani ya kuipima.



Siku ile niliokota kijiti nikachora mavumbini: duara la zizi la ng'ombe, katikati nyumba ya Burito, kuzunguka zizi nyumba za wake. Mgaya alikuwa wa tano. Alizaa watoto wanane, wawili wakafa wachanga. Chakula kilikuwa mtama, mahindi na muhogo, na Kambarage, ndiye Nyerere mwenyewe, alichunga mbuzi kama watoto wengine, mpaka 1934 alipopelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12 hivi.

Mwalimu akanyamaza. Binti mmoja wa darasa la sita akachuchumaa, akaanza kuhesabu vijumba vyangu kwa kidole. Nilikuwa nimechora tisa tu, mavumbi yaliniishia.

"Sasa huyo malkia," akauliza, "maji alikuwa anachotewa na nani?"

Nikamwomba amuulize mwalimu wake.