Kuhama Subversion kwenda Git: anza na majina ya watu

Vijana wanaochangia programu huria huniuliza sana ni amri gani inayohamisha historia ya mradi kutoka Subversion kwenda Git. Zote mbili ni programu za kutunza kumbukumbu ya kila badiliko kwenye msimbo: nani aliliingiza na lini. Amri yenyewe ni moja tu, `git svn clone`, na wala si hiyo inayochosha. Kazi iko kwenye kujua nani aliandika nini.

Programu ninayoisimamia hapa Mtwara inachukua uzito kutoka mizani ya chama cha msingi na kutoa risiti ya mkulima wa korosho kabla mzigo haujapelekwa ghala kuu. Ilizaliwa kwenye Subversion, na sina ugomvi na Subversion: kila badiliko lina namba yake, na anayeanza anaielewa upesi. Shida ni kwamba kila kitu kinategemea seva moja. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ya nchi ilizorota, na aliyekuwa Newala na marekebisho yake hakuwa na pa kuyaandikisha. Kwa Git angeendelea kuweka komiti (badiliko lililoandikishwa) kwenye kompyuta yake hadi mtandao urudi.

Wakubwa nao walipita njia hii. Watu wa lugha ya Python waliacha Subversion mwaka 2011 wakaenda Mercurial, mfumo mwingine wa aina hiyo, kisha Git mwaka 2017. Wa GCC, programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa, walihamia Git Januari 2020, na karibu na mwisho ubishi wao ulikuwa juu ya kifaa gani kingeitunza historia vizuri zaidi.

Subversion hukumbuka jina la akaunti tu. Git inataka jina la mtu na barua pepe. Kwa hiyo unatoa orodha ya akaunti kwa `svn log -q`, unaandika faili lenye mstari mmoja kwa kila akaunti, wenye jina na barua pepe ya mwenyewe, unalikabidhi kwa `--authors-file`, na ukisahau hata moja `git svn` inagoma palepale. Inakera, ila ni heri igome sasa. Majina yakishaingia, kuyarekebisha ni kuandika upya historia nzima kuanzia hapo, na kila aliyechukua nakala atalazimika kuichukua tena.

Kwenye orodha yetu kulikuwa na `root`, akaunti ya msimamizi mkuu wa seva, maana zamani watu walikuwa wanarekebisha mambo wakiwa ndani ya seva yenyewe, na kulikuwa na `ghala2`. Nikampigia fundi mmoja wa Newala.

“Kaka, `ghala2` ni nani?”

“Ah, hiyo tulikuwa tunatumia wote, mzee. Nywila ilibandikwa ukutani.”

Tuliiandika “Akaunti ya pamoja ya ghala”, basi. Usibuni mwandishi. Na barua pepe ya mtu usiiweke bila kumuuliza, kwa sababu historia ya mradi huria inasomwa na dunia nzima.

Ukimaliza hapo, mengine ni ufundi wa kawaida. Omba faili la `svnadmin dump`, yaani nakala ya historia yote ya Subversion, lifungue kwenye kompyuta yako, uhamishe kutoka hapo. Kuvuta rivisheni (badiliko lenye namba) mojamoja kwa bando la simu ni adhabu. Lebo za Subversion, zile alama za matoleo, ni folda tu, kwa hiyo kwenye Git zitatua kama matawi (mikondo ya kazi) na utazigeuza kuwa lebo mwenyewe. Folda tupu zitapotea. `git svn` huongeza mstari mmoja mwishoni mwa ujumbe wa kila komiti, na wengi hushauri kuuzuia kwa `--no-metadata` ili ujumbe uwe safi. Mimi nakataa: ule mstari wa ziada unabeba namba ya zamani ya Subversion, na ripoti zetu zimejaa “angalia r812”. Kwa `git log --grep` naipata mara moja.

Mafaili makubwa yanahitaji ukali. Kwenye Subversion mtu huchukua toleo la mwisho tu, lakini nakala ya Git huja na historia yote, pamoja na picha za risiti zilizoskaniwa na kufutwa miaka mingi iliyopita. Tuliziondoa kwa `git filter-repo` kabla ya kutangaza. Wenye mtandao mbovu tuliwapa `git bundle`, yaani historia ndani ya faili moja, kwenye flashi.

Tarehe aliipanga mkorosho. Minada huanza Oktoba, na hakuna mwenye akili anayegusa programu ya mizani wakati foleni ya magunia iko nje. Tulihama baada ya msimu: tukaifanya seva ya zamani iwe ya kusoma tu, tukahamisha, kisha tukalinganisha `svn export` na nakala mpya kwa `diff -r`. Folda tupu ndizo pekee zilizotofautiana.

Mchangiaji mmoja wa Lindi hadi leo hataki Git. Anatuma viraka vyake (mafaili yanayoonyesha alichobadilisha) kwa barua pepe, nasi tunaviingiza kwa `--author` ili jina libaki lake.